Nyuma ya Mama Panaonekana

Mshauri wangu mpendwa, nisaidie kabla sijarukwa na akili, mimi ni mpiga picha, nina kastudio kadogo ka picha za pasipoti, ila moyo wangu wote uko kwenye lenzi za zamani, zile nzito za chuma za kuzungusha kwa mkono, maana zinamwacha mtu wazi kabisa halafu kila kitu nyuma yake kinayeyuka, laini kama pamba, sasa ninazo tatu na zote zinanitesa, ya kwanza inazungusha majani ya nyuma mpaka unapata kizunguzungu, ya pili inageuza kila taa kuwa duara zuri lakini ukingo wake mkali, ya tatu ni laini mno ila ikikutana na jua picha inapauka, na juzi nimeonyeshwa ya nne, tangu hapo chakula hakishuki, nakaa nasimama, nakaa nasimama.

Tatizo ni mama. Nyumba yetu niliyokulia, anamoishi mama, imepigwa alama nyekundu ya X, barabara inapanuliwa, Jumatatu inabomolewa, na mama ameniomba picha moja tu pale mlangoni. Nimeshakwenda mara kadhaa na kila nikienda amevaa gauni lake la buluu, amejipaka mafuta, ananisubiri, nami naondoka bila picha ya maana, kwa sababu nikimwekea kiti mbali na mlango, kule mbele uwanjani, ili ule ukuta uliobanduka rangi ufifie vizuri, yeye anakibeba anakirudisha mlangoni, nikimwambia, "Mama, sogea basi, nyuma panaonekana," ananijibu, "Wee piga tu, mwanangu." Mke wangu anasema nimeoa lenzi. Nichague ipi?

Mpiga Picha Nisiyetulia

Wewe mtoto wewe! Kwanza pole, maana naona nyumba hiyo inakuuma hata wewe, na mtu akiumia hutafuta cha kushikashika. Lakini sikufichi, umenikera. Mama wa watu anabeba kiti mwenyewe, kila ukienda, na bado hujaelewa? Anataka nyuma paonekane! Amekulea ndani ya kuta hizo, na wewe unahangaika kuzifuta kabla hata tingatinga halijafika.

Umeuliza lenzi, nami nimemuuliza fundi wa kamera, nakujibu. Ya kizunguzungu weka kabatini. Ya maduara wapigie maharusi. Chukua ile laini, jua liwe mgongoni kwako, na ubane tundu la lenzi linalopitisha mwanga mpaka mwisho, ili mama, mlango na hiyo X vitoke wazi vyote. Ya nne nakukataza, usiende hata kuitazama.

Nenda kesho asubuhi na mkeo. Kiti usikiguse. Ukishampiga mama picha peke yake, mkabidhi mkeo kamera, ukasimame hapo mlangoni kando ya mama yako, maana hata wewe hutaiona tena nyumba hiyo.