Barrière yenye haina muntu

Kahambu, uko? Niko ku cyber ya internet, ku chaussée d'Ixelles. Jibu!

Bon. Unajua tulienda Portugal na papa mu motokari yenye Etienne alituazima, ule tunatumika naye kazi moja, mwenye iko na nyumba kule. Tumerudi leo.

Kule ku autoroute, ile barabara kubwa ya kulipia, kuko njia moja ya kulipa bila kusimama. Hakuna barrière ya kufunga njia, hakuna muntu. Kaboîte, kasanduku kadogo kenye kako ku vitre ya mbele, kanalia « bip », unapita. Etienne alimwelezea papa vizuri: usisimame hata kidogo!

Papa ALISIMAMA, ma chère. Alizima muziki. Akawasha taa ya ndani, akashusha vitre, akatosha kofia ku kichwa, akasema « bonjour chef ».

Chef gani?? Hakukuwa muntu!

Sawa vile tulikuwa tunafanyaka kwetu Kivu ku barrière, mbele ya wasoda wenye bunduki. Sawa sawa.

Camions zinapiga klaksoni nyuma yetu. Mimi nalia: « Papa, endesha, hakuna muntu! »

Yeye, pole pole: « Ile siku pia hakukuwa muntu. Ndiyo maana nilipita. »

Kahambu, ile siku wasoda walipiga kaka yangu Patient risasi ku barrière, mu motokari ya papa, akakufa. Miaka yote papa alituambiaka kama alisimama. ALISIMAMA, alisemaka.

Kisha akaniangalia mu kioo, mimi wa nyuma. Hakuniita Jémima. Alisema: « Patient, lala chini, mutoto wangu. »

Nikaitika « ndiyo, papa », nikalala chini.

Ndipo akaendesha.