Gobori la Baba Linapanda Bei Kila Nikiliulizia

Jumatano, baada ya Alasiri. Unyevu wa leo hauna adabu. Nikishuka kwenye gari miwani inaingia ukungu, nikifuta inaingia tena, na shati limenigandia mgongoni. Niko chumbani kwangu hapa langoni, mtaa wa Muaither huku kwa Waarabu, AC inanguruma.

Leo Baba aliniomba simu yangu.

Baba ni mwajiri wangu. Sisi wafanyakazi wa majumbani huku tunawaita wenye nyumba Baba na Mama, hata yule ambaye ungeweza kumzaa wewe. Huyu wangu lakini ni mzee kweli, mstaafu, mpole, mtu wa kukuwahi kwa salamu. Nimemwendesha miaka na hajawahi kugusa kitu changu. Mchana wa leo tukitoka hospitali alinyoosha mkono kutoka kiti cha nyuma, akasema kwa kile Kiingereza chetu cha kuchanganya na Kiarabu, "Mutua, nipe simu. Nataka nijue umekuwa ukiongea na nani."

Wueh. Kijasho chembamba kilinitoka na AC iko juu.

Mkataba wangu unakaribia kuisha. Baba akisema hana imani nami, khalas, narudi Kitui na begi langu. Na shida si kurudi tu. Hawa watu wanajuana, binamu kwa shemeji, sebule kwa sebule. Ukitoka nyumba moja na jina la msaliti, hakuna mwingine atakayekupa ufunguo wa gari lake. Mimi sikuwa nimesaliti mtu. Lakini kuna kitu nilikuwa nakificha, na mzee alikuwa ameshakinusa.

Wacha nianze mwanzo, maana hata mimi nahitaji kuliona jambo hili likiwa limeandikwa.

Baba alikuwa na gobori. Bunduki ya zamani ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu, ndefu kama fimbo ya mchungaji, ina pete za fedha kuanzia mwanzo wa mtutu hadi mwisho. Ilikuwa ya baba yake. Ilining'inia ukutani kwenye majlisi, yaani ile sebule ya kupokelea wageni wanaume, na haikuwa na uwezo wa kuua hata mbu, mtutu ulishazibwa zamani. Siku moja akaja mgeni wa heshima, akalitazama gobori, akalisifu. Akalisifu tena.

Huku ukisifu kitu cha mwenyeji, yeye hukwambia: ni chako, chukua. Ndiyo adabu. Na adabu ya mgeni ni kusema hapana, Mungu akubarikie, kibaki mahali pake. Wote wawili wanajua. Sasa yule mgeni, sijui alisahau au alijifanya amesahau, alisema asante akaondoka nalo. Nilikuwa mlangoni na birika la gahwa, kahawa yao, mkononi. Niliona uso wa Baba. Alitabasamu mpaka gari la mgeni likapotea, halafu akaingia ndani na hakutoka kula.

Mgeni yule sasa ni marehemu. Warithi wake wameuza vitu vya nyumbani, na gobori limetokea kwenye mnada wa mtandaoni.

Baba hawezi kwenda kulidai. Hawezi hata kuonekana akiliulizia. Watasema mzee fulani alitoa kwa mkono wa kulia, sasa anapapasa kurudisha kwa wa kushoto. Macho yake pia hayaoni vizuri maandishi ya simu. Kwa hiyo akaniita kando: Mutua, wewe ulizia, kwa jina lako, na usimwambie mtu. Hata Mama. Hasa Mama.

Nikaingia kwenye huo mnada. Jamani, nimeona maajabu.

Ni soko la kuomba bei, wala si soko la kuuza. Mtu anaweka gobori lililoliwa na kutu, anaandika bei ya kuanzia kama ya gari jipya. Hakuna anayetia dau. Baada ya siku chache analitoa, analirudisha, na bei imepanda! Ukimuuliza kulikoni, anakuonyesha la mwenzake: si unaona lile ni ghali kuliko hili? Ukienda kwa huyo mwenzake naye anakuonyesha la huyu. Wanashikiliana kama walevi wawili wanaorudi nyumbani. Nikaanza kukagua picha moja moja. Akaunti tofauti, majina tofauti, miji tofauti eti, lakini zulia chini ya bunduki ni lile lile, lina doa lile lile la chai.

Tangu siku hiyo simwamini mtu yeyote mwenye zulia.

Muuzaji wa gobori letu nilimwandikia kwa unyenyekevu, nikauliza bei ya mwisho. Akanijibu atafikiria. Kesho yake bei ikapanda. Nikakaa kimya kidogo, nikauliza tena. Ikapanda. Ilikuwa riyali elfu tisa nilipoanza, ikafika elfu ishirini na bado hakuna dau hata moja lililoandikwa pale. Nilimshuku muuzaji. Nikashuku programu yenyewe, kwamba inanichungulia. Kuna siku niliizima simu nikaiweka kwenye droo, nikasema nione kama itapanda na hapo. Ikapanda!

Baba naye akaanza kubadilika. Kila nikimsomea bei mpya anauliza, "Nani mwingine anajua?" Mara ya kwanza aliuliza kama mchezo. Baadaye alikuwa ananitazama kwenye kioo cha gari akiuliza, na mimi nikiapa, sauti yangu mwenyewe ilikuwa inasikika kwangu kama ya mwizi.

Halafu wiki iliyopita muuzaji akafanya kosa. Ili kunitisha kwamba kuna mteja mwingine, akanitumia picha ya ujumbe wa huyo mteja, jina amelifunika. Ujumbe ulianza na salamu ndefu, habari za familia, habari za kazi, ukamalizia na Mungu akubariki sana. Katikati kulikuwa na swali moja: upande wa chini wa kitako, kuna alama ya kuungua?

Nikajiuliza, huyu amejuaje? Picha za mnada zinaonyesha upande wa juu tu.

Nikamtegea Baba. Tukiwa njiani nikamwambia, Baba, tusije tukauziwa la bandia, nipe ishara moja ya lile lenu. Akacheka, kicheko nilichokuwa nimekisahau. Akasema chini ya kitako pameungua, ukubwa wa kucha ya kidole gumba. Walikuwa wamepiga kambi jangwani msimu wa baridi, ndiyo kwanza wameoana, bibi harusi akataka kujionyesha anavyojua kupika gahwa, kaa la moto likamponyoka kwenye koleo. "Hakuna anayejua hiyo," akasema. "Mimi na yeye tu."

Nilikaribia kuipita taa nyekundu.

Mama! Mama ndiye mteja wa pili. Lakini Mama hata kutuma ujumbe hajui, simu yake anashikiwa na Kemunto, nesi wake, dada yetu wa Kisii ninayemchukua kila asubuhi kule mtaa wa Fereej Bin Mahmoud. Sasa zile salamu ndefu na baraka za mwisho nikazielewa. Mwarabu gani wa mnada anamuuliza muuzaji habari za kazi?

Asubuhi iliyofuata sikuzunguka. Kemunto alipofunga mkanda tu nikamwambia, "Wewe ndiye unayetupandishia bei ya gobori."

Akanigeukia. Kisha akasema, "Kumbe yule mjinga mwingine ni wewe?"

Tulicheka hadi nikasimamisha gari pembeni. Haki tulicheka. Halafu kicheko kikaisha, tukabaki tunaangaliana. Muuzaji alikuwa amepata watu wawili wenye kiu, kila mmoja akiulizia anampandishia mwenzake bei. Na wenye kiu yenyewe, mume na mke, wanalala nyumba moja!

Kemunto akanieleza ya Mama. Anajua mumewe anavyoumia kila akiutazama ule ukuta. Anataka alinunue kimyakimya, alitundike, asiseme kitu. Baba asijue kabisa kwamba yeye aliuona uchungu wake, maana mzee akijua ameonekana ataumia upya. Akamwapisha Kemunto. Mimi Baba kaniapisha. Sasa tufanyeje? Nikimwambia Baba, nimeianika siri ya mke wake. Kemunto akimwambia Mama, ameianika aibu ya mume.

Tukakubaliana tunyamaze wote. Tusiulizie kitu. Na Kemunto akaapa mbele yangu, kwa jina la mamake, kwamba hatanitaja kwa Mama kwa lolote.

Ukimya ulifanya kazi kuliko dua. Muuzaji alianza kutuandikia mwenyewe. Kaka, bado unataka? Kaka, tuongee. Bei ikateremka, ikateremka tena, mpaka ikarudi karibu na pale ilipoanzia. Nilifurahi kama mtoto. Nikampelekea Baba habari nikiwa na meno yote nje.

Baba hakufurahi.

Akasema, "Kwa nini ishuke? La baba yangu haliwezi kuwa rahisi hivi. Si lenyewe." Nilijikwaa kwenye maneno. Nikasema ni lenyewe, Baba, lina ile alama. Akauliza nimeionea wapi, na picha hazionyeshi. Nikauma ulimi. Ningesema nini? Kwamba mkeo ameuliza? Basi kichwani mwake nikawa nimeshaungana na muuzaji: kwanza kumpandishia, sasa kumuuzia la bandia. Ile bei ya uongo ndiyo ilikuwa imemshawishi, ya ukweli ikamtia shaka. Nilikasirika, nisiseme uongo. Miaka yote hii! Lakini ningekuwa mimi ndiye niliyekaa kiti cha nyuma, ningejishuku pia.

Ndipo leo akanyoosha mkono kuomba simu.

Sikumpa. Niliegesha karibu na duka la mikate, nikageuka, nikamtazama usoni, kitu ambacho sikifanyi. Nikasema, "Baba, kama ni kunifukuza nifukuze baada ya kunisikiliza. Yule mteja mwingine ni Mama."

Nikamwambia yote. Alama ya kaa, ukuta, siri ya Mama kwamba asijue ameonekana. Niliongea haraka haraka huku nikijua kila neno linanipunguzia nafasi ya kubaki.

Baba aligeukia dirishani. Watu waliingia dukani wakatoka na mikate yao, na yeye bado anatazama nje. Nilihesabu moyoni nguo zangu zitaingia begi lipi.

"Mwache anunue yeye," akasema. "Mimi najitoa. Na siku nikilikuta ukutani, nitashangaa."

Nikasema sawa, Baba.

"Nitashangaa vizuri," akasema. Halafu akaniambia niwashe gari, na mambo ya mkataba niyalete mezani kesho, yeye hapendi karatasi za dakika ya mwisho. Simu hakuiulizia tena.

Nimefika chumbani nikakaa kitandani nikalia kidogo. Ndiyo, nimelia, mtu mzima na ndevu zake. Kisha nikampigia Kemunto, aliyekuwa bado ndani na Mama. Nikamwambia maneno machache tu: mwambie Mama yule mteja mwingine amejitoa, bei imeshuka, anunue leo. Nikamkumbusha asinitaje. Akasema Mutua, mimi si mtoto.

Muda si mrefu akanipigia yeye. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekanyaga kitu gizani. Gobori limenunuliwa, alisema. Alimpa Mama habari kama nilivyomwagiza, neno kwa neno, mteja mwingine amejitoa, basi. Mama akashusha pumzi, akajifuta machoni kwa ncha ya shela.

Halafu Mama akasema, "Mwambie Mutua asante. Na amwendeshe polepole, leo mzee wangu amechoka."

Kemunto anaapa hajanitaja. Namwamini. Baba hajafika chumba cha Mama tangu turudi, namwona kutoka hapa, amekaa majlisi peke yake.

Sasa huyu Mama amejua tangu lini?