Safari ya Geita Kumwona Klara

Shinyanga, 3 Juni 2024

Mwanangu Aneth,

Hujambo huko Songea? Davis hajambo, na wajukuu zangu? Sisi wazima, ila goti langu na baridi ya asubuhi haviivi chungu kimoja. Nakuandikia kwa karatasi na kuituma kwa basi kwa sababu simu yangu baba yako anaisoma kuliko mimi.

Baba yako amealikwa Geita. Wote waliosoma Chekoslovakia enzi zile wanakutana nyumbani kwa rafiki yake Marcel, tarehe 22. Tangu mwaliko ufike, anafanya mazoezi ya Kicheki mbele ya kioo. Lile koti zito alilorudi nalo kutoka huko ameliweka uani lipigwe jua, kuku wamelikimbia.

Hayo nayavumilia. Lakini Klara naye anakuja, kwa ndege, kutoka kwao. Klara! Nikipika ugali, baba yako ataniambia Klara alikuwa anapika supu ya viazi. Nikikohoa, Klara alikuwa anakohoa taratibu. Baba yako alipokwenda kusomea ufundi wa garimoshi tulikuwa tumeshachumbiana, na mpaka leo hajaniambia huyo mwanamke alikuwa nani wake.

Tunakwenda na gari letu. Mdogo wako Edson ataendesha, na shangazi yako Mbuke amejialika. Nimefunga begi. Nikiona wanatazamana vibaya, palepale Geita napanda basi nakuja kwako. Sirudi.

Mama yako,
Lusia

Songea, 12 Juni 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Huku hatujambo, Davis na watoto wanakusalimu. Pole na goti.

Barua yako nimeisoma nimesimama. Mama, huyo Klara sasa atakuwa bibi kizee! Karibu sana kwangu, lakini chumba cha wageni yumo mama mkwe wangu, anakoroma, na mtalala kitanda kimoja. Muulize baba waziwazi kabla hamjaondoka. Na avue hilo koti, njiani kuna joto.

Mwanao,
Aneth

Songea, 5 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mbona kimya? Simu hupokei. Nikimpigia baba anasema, "Mama yako hana nafasi," anakata. Edson ameniandikia tu kwamba siku hizi mama anakaa kiti cha mbele. Maana yake nini? Kila basi la huko likiingia nakwenda stendi kukutazamia. Mama mkwe nimeshamwambia asogee.

Mwanao mwenye wasiwasi,
Aneth

Shinyanga, 9 Julai 2024

Marahaba, ng'wanone.

Tuliza roho, mwanangu. Tu wazima. Nilikuwa na mgeni.

Sikumuuliza, na koti hakuvua. Tulipofika stesheni ya Isaka, baba yako alitutajia mabehewa yote kwa Kicheki. Tulipopita Kahama ikawa vumbi tupu, na tulipofika Segese tukapata pancha. Edson anafungua tairi, baba yako akashuka na koti lake na kofia ya manyoya, saa nane mchana. Wachimbaji wakadhani ni mnunuzi wa dhahabu katoka nje. Mmoja akamletea jiwe: "Bosi, cheki hili, lina rangi ya dhahabu." Baba yako, ili wamwondokee, akajibu kwa Kicheki. Ndipo akaharibu kabisa! Wakaja na mawe kwenye ndoo. Shangazi yako akasimama mlangoni mwa gari: "Bosi anataka makubwa tu, madogo rudini nayo!" Tuliondoka tairi halijakazwa vizuri.

Kufika kwa Marcel, Klara alikuwa amekaa barazani, bibi mwembamba mwenye fimbo. Baba yako akavua kofia. Mimi nikashika begi langu kwa nguvu. Yule mama akanyanyuka, akampita baba yako kama anapita mlingoti, akaja moja kwa moja kwangu.

"Lusia?"

"Ndiyo."

Akanikumbatia. Halafu akarudi nyuma, akanitazama juu mpaka chini, akasema kitu. Baba yako akainamisha kichwa.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema alidhani wewe ni mrefu zaidi."

Marcel alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza. Klara alikuwa mpishi wa chuoni kwao. Alimpenda baba yako, akamwomba abaki huko waoane, naye akakataa kwa ajili yangu. Kila chakula alichopewa, Lusia alikuwa anapika kuzidi. Bweni zima lilichoka na jina langu. Aliwaambia nalima na maksai peke yangu, nabeba magunia mawili kwa mpigo, na niliua fisi kwa mchi.

Nikamgeukia. "Baba Aneth, mbona mimi hukuniambia?"

"Ungeringa," akasema.

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kidogo, sikufichi. Niliporudi, Klara alikuwa amenivutia kiti. Alitaka habari ya fisi. Aneth, mimi fisi nimemsikia tu akilia kwa mbali. Lakini mtu katoka kwao kwa ndege! Nikamwambia akae vizuri, nikaanza, baba yako akitafsiri huku jasho linamtiririka ndani ya koti. Nilipofika kwenye mchi akaninong'oneza, "Mama Aneth, punguza." Sikupunguza.

Tulirudi naye hapa nyumbani. Tumekula michembe ya viazi, tumetembea sokoni, yeye nami kiti cha mbele kwa zamu, baba yako nyuma na shangazi yako. Kila jioni aliomba habari ya fisi upya, na baba yako akatafsiri. Jana tumemsindikiza. Ameondoka akiamini fisi walikuwa wawili, na wa pili alikuwa na mimba.

Mama yako,
Lusia