Mama Loretta, Darasa Lako Limepona

Mama Loretta,

Shikamoo. Najua ungeitikia kwa ile marahaba yako ndefu ya Morogoro, ulikofundisha ujanani, halafu ungeanza kunidai habari za darasa kabla sijavuta kiti. Tulia basi nikupe. Ni miezi minne tangu tukuzike na nimejaa maneno.

Darasa lako la historia ya watu weusi nimelirithi mimi, Neema, msaidizi wako wa miaka sita hapa Annandale, Virginia. Mkuu wa shule aliniambia waziwazi kwamba wanafunzi wakiwa chini ya kumi na tano kabla mwezi haujaisha, somo linafutwa. Nikahesabu, kumi na tano kamili. Nikasema haya, Mungu yupo.

Halafu nikaharibu.

Unatujua sisi tuliosoma Moshi. Nilipomaliza kusahihisha insha za kwanza, nikasimama mbele nikatangaza nafasi: wa kwanza fulani, wa pili fulani, mpaka wa mwisho kabisa. Kwetu hata jirani akikukuta njiani anakuuliza umekuwa wa ngapi! Huku watoto walinitazama kama nimepandwa na wazimu. Wa mwisho, binti anayeitwa Kayla, akabeba begi lake akatoka. Jioni ile akamwandikia mkuu kwamba anaacha somo. Tukabaki kumi na nne.

Nililia kwenye gari, Mama. Hata wewe nilikukasirikia, nisamehe. Unakufaje ukaniachia mzigo wote huu peke yangu?

Nilipotulia nikaisoma upya ile insha ya Kayla. Nilikuwa nimemkata alama kwa sababu hakutaja kitabu hata kimoja. Aliandika jinsi shule ya bibi yake, kusini mwa Virginia, ilivyofungwa ili watoto weusi wasisome na weupe, na jinsi bibi alivyojifunza theluthi na robo jikoni kwa shangazi yake, kwa kukata mkate wa mahindi. Pembeni nimeandika kwa wino mwekundu: "Haya umeyatoa wapi?" Ameyatoa wapi! Kwa bibi yake, wanaishi nyumba moja! Na wewe ulinipigia kelele miaka yote sita: "Neema, anza na watu walio hai. Vitabu havikimbii."

Jumamosi nikaenda kwao Sterling na chapati ishirini nimezifunga kwenye taulo. Bibi mwenyewe, Bi. Odessa, alifungua mlango, akaniangalia juu mpaka chini, akauliza kama mimi ndiye yule mwalimu. Jamani! Ningekuwa na pa kujificha ningejificha. Nikamwomba radhi Kayla, kisha yeye. Kayla alinuna, anakula bila kunitazama. Chapati ya tatu ndiyo ilimlegeza. Akasema atarudi, ila kwa sharti kwamba bibi yake aje afundishe siku moja.

Jana amekuja, na mikate mitatu ya mahindi. Ungecheka wewe! Kila mtoto kakatiwa kipande na kutakiwa aseme ni sehemu gani ya mkate, akikosea anampa jirani yake. Kelele mpaka mwalimu wa darasa la jirani akachungulia, naye akapewa robo. Kisha Bi. Odessa akajifuta mikono, akasema alikaa miaka minne bila shule, na tangu azaliwe hakuna mwalimu aliyewahi kumwomba aisimulie.

Kayla akanyanyuka. Pale ubaoni ninapoandikaga majina ya vitabu, akaandika jina zima la bibi yake. Wote wakainama wakanakili, na mimi nikanakili.

Tuko kumi na tano, Mama. Mkuu ametia sahihi leo asubuhi, somo linaendelea.

Pumzika sasa, mwalimu wangu. Nakuahidi kwamba mwaka huu kila mtoto ataleta mtu wake mbele ya darasa, na mimi nitakaa kiti cha nyuma na daftari.

Wako,
Neema