Dua ya Kukifungua Kiwanda cha Guled

Mpendwa Bi Khadra,

Nisaidie kabla ya Ijumaa maana nimekwama. Mume wangu Guled yuko Uingereza, na sisi huku Galbet, mimi na watoto na mama yake, Hooyo Yurub, tunaishi kwa jasho lake, alikuwa akituambia anaosha mapipa katika kiwanda cha zamani cha vinywaji, nasi tukajua ni soda, nani angeuliza zaidi, hata sokoni nilijisifu kwamba mume wangu ni mtu wa kiwanda. Mwezi uliopita kiwanda kikafungwa, wenyewe wameuza kiwanja yajengwe maghorofa, Hooyo akachinja mbuzi, akamwita Maalim na majirani, ikasomwa dua kiwanda kifunguliwe, nami nikaitikia amina kuliko wote. Jioni Guled akapiga simu, nikamweleza kwa furaha, akasema, "Saado, mwambie Hooyo aache. Ni kiwanda cha pombe."

Anaapa hajawahi kuonja na wallahi namwamini, lakini alikuwa akilia, tena halilii mshahara, anawalilia wazee wa Kizungu waliomfundisha kazi na kumwachia stoo aswalie, siku ya mwisho walishikana mikono na mmoja akampa buti zake, nami kwa hasira nikamkatia simu. Sasa Hooyo anasema mbuzi hakutosha, ameagiza ngamia kutoka Hulugho, dua ni Ijumaa hii, na ana presha, nikisema nitamuua kwa aibu, nikinyamaza tutachinja ngamia kwa ajili ya pombe. Nifanye nini?

Saado, Galbet

Saado mwanangu,

Nisamehe, nilicheka. Halafu nikafika pale ulipokata simu, kicheko kikaniisha.

Huyo ngamia abaki Hulugho. Hooyo hana kosa, aliomba riziki ya mwanawe bila kujua, na Mungu anaijua nia yake. Wewe unajua, kwa hiyo amina ya pili itakuwa juu yako. Lakini usimbebee Guled mzigo wake. Apige simu mwenyewe leo, amwambie mama yake, nawe ukae karibu na Hooyo, awe ameshameza dawa yake ya presha. Akimfokea, mwache amfokee, ni mtoto wake. Maalim aelezwe faraghani. Majirani waambieni tu kwamba sasa Guled anaombewa kazi nyingine, tena ya halali, basi. Mbuzi mmeshamla, na yaliyopita si ndwele.

Nawe pia nikukaripie. Ulijisifu sokoni miaka yote hukuuliza pipa lina nini, leo unamkasirikia aliyeona haya kukuambia? Pombe ni haramu, sibishani, na kufungwa kwa kiwanda kile hakuniumizi kichwa. Ila wale wazee walikuwa wenzake ugenini, amewapoteza, na mtu pekee aliyejaribu kumweleza alimkatia simu.

Mpigie wewe kwanza, kabla hajampigia mama yake. Muulize jina la yule mzee aliyempa buti. Kisha nyamaza, umsikilize.