Vidonge vya Shemeji

Chumba cha nyuma,
Nyumbani kwa binti yangu,
Tarehe 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu nyingi kutoka kitandani. Goti lako linaendeleaje? Na wajukuu wameshazoea shule mpya? Mimi nipo, ila nimebaki mifupa na mdomo. Moyo umechoka, na daktari siku hizi haniangalii usoni anaponiambia nipumzike. Uvumilie mwandiko huu unaotetemeka. Sikutaka binti yangu aniandikie, kwa sababu haya ni yangu.

Unaikumbuka ile habari iliyomfanya shemeji aache vidonge vya presha? Ile iliyosema vidonge vinaozesha figo, na majani ya kuchemsha yanatosha? Niliiandika mimi. Yule daktari bingwa aliyenukuliwa mle hakuwahi kuzaliwa. Nilimtunga mezani, nikampa na miwani. Siku ya mazishi ya mumeo nilikushika mkono, nikanyamaza. Huu ni mwaka wa tatu nanyamaza.

Gazeti letu lilipofungwa nilichukuliwa na kijana mwenye tovuti ya habari. Tulimwita Bwana Mibofyo, maana hakuuliza kama habari ni ya kweli, aliuliza imebofywa mara ngapi. Ofisi ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la rangi, kompyuta nne na feni moja iliyompuliza yeye tu. Siku ya kwanza aliniambia, "Mzee, wewe watishe tu. Wakifungua ukurasa wanaona matangazo, sisi tunalipwa."

Matangazo hayo hatukuyatafuta. Kuna kampuni kubwa ya mtandaoni inayoyapokea kwa wenye biashara na kuyamwaga kwenye maelfu ya tovuti, bila mtu kusoma kilichoandikwa pembeni. Wenye biashara wanalipa, kampuni inakata chake, kinachobaki kinamfikia mwongo. Na mimi nilikuwa mwongo mwenye Kiswahili fasaha, ndiyo maana niliaminiwa.

Mwezi uliopita niliitafuta ile habari. Bado ipo, mdogo wangu. Na pembeni yake kuna tangazo la vidonge vya presha, vilevile alivyokuwa akimeza shemeji! Watengenezaji wanaulipia uongo unaowaambia wagonjwa wavitupe.

Hapo nikakataa kufa kimya. Niliiandikia kampuni ya matangazo. Mashine ikanijibu kwa kunishukuru. Nikawageukia wenye biashara, mmoja mmoja. Wa sabuni wameondoa tangazo lao, na benki moja pia. Bwana Mibofyo akaja mbio mpaka kitandani kwangu.

"Mzee, nitakushtaki!"

"Basi fanya upesi, mwanangu. Mimi sina miezi ya kuahirisha kesi."

Binti yangu amenuna. Anauliza kwa nini nisijifie kwa amani kama wazee wenzangu. Amani gani? Hii niliyo nayo nimeiiba kwako.

Sasa wenye vidonge wamenijibu kwamba hawawezi kufanya lolote bila ushahidi wa mtu aliyedhurika. Ushahidi huo ni mume wako. Nimeandika taarifa, nikaweka jina langu kamili na kosa langu lote, bila kulipunguza. Jina la shemeji nimeliachia nafasi wazi. Nilichangia kumpotezea uhai. Siwezi kumchukulia na jina bila ruhusa yako. Ukikataa, taarifa itaondoka bila hilo jina, lakini itaondoka tu, niwe hai au nimezikwa. Binti yangu ameshaapa kuituma, pamoja na kununa kwake.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ukitaka kunitukana, piga simu, nitaipokea mwenyewe na sitakukatisha. Kisha uniambie kama nijaze au nisijaze.

Nisalimie mwanao fundi umeme na mkewe, na shangazi yetu, kama bado anasikia kwa lile sikio la kushoto. Mungu akupe nguvu ya kuisoma barua hii mpaka mwisho, na akulinde baada ya hapo.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye hata kama leo hutaki kulisikia neno hilo.