Miiba Kumi na Saba

Shemeji Hamisi,

Ulipozikwa Muyinga, barabara ilikuwa imefungwa kwa vita. Mimi hapa Gitega habari zilinifikia siku ya nne. Nisamehe. Lakini leo nakuandikia kwa sababu ya samaki wako, na kwa sababu nakuonea wivu, hata sasa ukiwa kaburini.

Barua imefika kutoka Ulaya, kwa yule mtaalamu wa samaki wa kale niliyempelekea jiwe lenye samaki wako kabla hujaugua. Ulisema kweli: samaki huyo hajawahi kuandikwa na mtu. Ni aina mpya. Wiki tatu nimeificha barua ndani ya daftari la mahudhurio.

Jiwe lenyewe ulilibeba kutoka Lindi ulipomaliza kujifunza ushonaji, likawa la kuzuia mlango wa duka lako. Nilikueleza, kama kawaida yangu, kwamba enzi ya Kretase, siku za mijusi wakubwa, pale palikuwa chini ya bahari. Tope likamfunika samaki, tope likawa jiwe. Ulisikiliza mpaka mwisho. Kisha ukachukua sindano nene ya cherehani ukaanza kumkwangua, punje kwa punje, mwaka mzima. Wateja wakakucheka: "Fundi, iyo samaki itaiva lini?" Nawe: "Ikiiva suruali yako."

Nikaleta kitabu changu, nikasema ni samaki anayejulikana. Aina hutofautishwa kwa kuhesabu: pingili za uti wa mgongo, miiba ya mapezi. Kitabu kilitaja miiba kumi na minne kwenye pezi la mgongoni. Nikahesabu, nikapata kumi na minne. Ukasema, "Mwalimu, hesabu tena. Hapo umehesabu kitabu." Sikuhesabu tena. Mimi nilisomea elimu ya viumbe. Wewe uliacha shule darasa la sita.

Ukamchora kwenye karatasi ya kukatia nguo, kipimo kwa kipimo, kama mtu anayeshonewa koti. Ili tumalize ubishi, nikatuma mchoro na jiwe kwa jina langu, nikabaki na nakala ya mchoro. "Hawatamsoma fundi cherehani," nilikwambia. Ukaitikia tu. Sasa mtaalamu anauliza: jina la Kilatini la kisayansi huweza kutokana na la aliyemgundua samaki, je, litokane na langu?

Shemeji, nililipenda. Nililitamka peke yangu darasani, wanafunzi wakishatoka. Lilisikika vizuri.

Juzi dada yangu Zaina, mjane wako, alifika kwa lori la kwanza kupita. Akanipa mkebe wako wa sindano. "Alisema hii ni ya Mwalimu, ahesabie." Hakujua maana yake. Nilijua mimi. Nikatoa ile nakala, nikaweka ncha ya sindano kwenye mwiba wa kwanza. Mitatu ya mbele ni mifupi mno, imelala. Jicho linalojua jibu huiruka. Kumi na saba.

Nimemjibu mtaalamu. Jina ni lako. Nimeeleza nani alikwangua, nani alichora, na nani alisema uongo. Wivu haujaisha, shemeji. Nilifunga bahasha ile kama mtu anayejifunga kidonda. Lakini imekwenda.

Barabara ikitulia nitakuja Muyinga nikusomee jibu lao kaburini, na siku hiyo sitaeleza chochote. Pumzika, fundi. Nimehesabu tena.